Kwa nini mche wa parachichi hunyauka ukiwa ndani ya maji

Msomaji mmoja wa Njombe ameniandikia hivi: "Desemba nilipanda miche 120 ya parachichi aina ya Hass, iliyobebeshwa, kwenye shamba lenye mteremko unaoishia bondeni, jirani na vinyungu, zile bustani za bondeni. Mvua za Januari zilikuwa kubwa. Miche ya juu inaendelea vizuri, lakini ile ya chini, kama 40 hivi, majani yameinama, mengine yamegeuka ya njano, na ikifika mchana inanyauka kana kwamba haijaonja maji. Nimeweka urea mara mbili, hali ikazidi kuwa mbaya. Mti unawezaje kunyauka ilhali maji yamejaa shimoni? Je, ning'oe au nisubiri?"

Ndugu yangu, nianze na mambo mawili ya haraka, kwa sababu miche yako haina muda wa kusubiri maelezo marefu. Acha urea kuanzia leo, na kabla hujamaliza kusoma jibu hili mtume mtu akachimbe mtaro upande wa chini wa mashimo ili maji yapate pa kutokea. Suala la kung'oa tutalifikia, lakini huwezi kuliamua vizuri kabla hujajua kinachoendelea ndani ya mizizi.

Mzizi ni kiungo kinachopumua. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mimea hutengeneza oksijeni, tukabaki na dhana kwamba basi haiihitaji. Majani huitengeneza mchana, ni kweli. Lakini mzizi ulio gizani hautengenezi hata chembe, na katika mti kama parachichi karibu oksijeni yote unayoitumia huipata kwenye matundu ya hewa yaliyo kati ya punje za udongo. Mvua ikiyajaza matundu hayo, hewa hufukuzwa, na kinachobaki ni ile oksijeni iliyoyeyuka majini, ambayo ni haba mno: lita moja ya hewa kwenye usawa wa bahari ina takribani miligramu 270 za oksijeni, ilhali lita moja ya maji yenye nyuzijoto 25 hushika 8 tu. Uchache huo peke yake usingekuwa msiba mkubwa kama oksijeni nyingine ingekuwa inaingia upesi kujaza pengo. Tatizo ni kwamba oksijeni husafiri ndani ya maji yaliyotuama polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri ndani ya hewa, kwa hiyo ile kidogo ikishatumika, nyingine haiwahi.

Tena mzizi hauko peke yake shimoni. Bakteria wa udongo nao wanapumua, na kadiri chakula chao kilivyo kingi ndivyo wanavyoimaliza oksijeni kwa kasi. Hapa ningependa kujua ulitia madebe mangapi ya samadi katika kila shimo, na kama ilikuwa imeoza sawasawa. Ushauri wa kuchimba shimo la sentimita 60 kwa 60 na kulijaza samadi ni mzuri kwa ardhi inayopitisha maji, lakini kwenye udongo mzito wa bondeni shimo hilo linakuwa bakuli. Maji hupenya kirahisi kwenye udongo uliolegezwa, yakifika kwenye kuta za mfinyanzi yanakwama, na yale yanayoteremka kutoka juu ya mteremko nayo hukusanyika humo humo, pamoja na samadi inayoendelea kuoza na kula oksijeni. Nimeona mashamba ambayo udongo wa kati ya mistari unatembelewa kwa viatu bila shida, huku ndani ya shimo la mche ukisukuma kijiti kinatoka kinadondosha maji. Mkulima anayeangalia uso wa shamba tu hawezi kulijua hilo.

Baridi ya Njombe imekusaidia kidogo. Upumuaji wa mizizi na wa bakteria huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzijoto 10 zinazopanda, na ndiyo maana maji yakituama kwa siku tatu kwenye joto la Kyela au Kilombero huleta madhara ambayo kwako yangechukua muda mrefu zaidi kujitokeza.

Sasa tuingie ndani ya seli yenyewe. Seli ya mzizi ikiwa na oksijeni, hupata kutoka kwenye molekuli moja ya glukosi ATP 30 na ushei, na ATP ndiyo nishati inayoendesha kila kazi ya uhai. Bila oksijeni hupata 2 tu. Ni kama kaya iliyozoea gunia zima la mahindi kwa mwezi kuambiwa ijikimu kwa sado moja. Ili kupata hizo 2, seli hulazimika kuchachusha sukari, na uchachushaji huo ni ule ule unaougeuza utomvu wa mianzi kuwa ulanzi: sukari inavunjwa, inapita kwenye asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha inakuwa pombe, na pembeni inatengenezwa pia asidi ya laktiki. Mche wako wa bondeni, kwa maneno mengine, unapika pombe ndani ya mizizi kwa sababu hauna njia nyingine ya kuishi hadi kesho, na sukari ya kuipikia inakwisha haraka.

Asidi inayojikusanya ndani ya seli ndiyo inayotupeleka kwenye jibu la swali lako la msingi. Maji hayaingii kwenye mzizi kiholela kama yanavyoingia kwenye sifongo. Sehemu kubwa hupita kwenye milango midogo ya protini iliyo katika ngozi za seli, iitwayo akwaporini. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walionyesha, kwa kutumia mmea mdogo uitwao Arabidopsis, kwamba asidi ikiongezeka ndani ya seli za mzizi uliokosa oksijeni, milango hiyo hujifunga, na uwezo wa mzizi kupitisha maji hushuka. Kwa hiyo mche umezungukwa na maji ambayo hauwezi kuyaingiza. Jua la saa sita likiwaka, majani yanadai maji, mizizi haiwezi kuyapandisha, na mti unanyauka kwa kiu huku umesimama kwenye dimbwi.

Mti haukai kimya. Chini ya kila jani la parachichi kuna maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, viitwavyo stomata, ambavyo hupitisha kaboni dioksidi kuingia na mvuke kutoka. Katika parachichi vitundu hivi huanza kufumba ndani ya siku chache baada ya mizizi kukosa hewa, mara nyingi kabla mkulima hajaona jani lolote kubadilika. Vikifumba, maji yanaokolewa, lakini kaboni dioksidi nayo haiingii, na usanisinuru unashuka. Wakati huo huo ile sukari iliyokwisha kutengenezwa haishuki vizuri kwenda chini, kwa kuwa mzizi usio na nishati haukui wala haupokei, na wanga hulundikana kwenye majani. Chakula kimejaa darini na watu wa sebuleni wanakufa njaa.

Kuhusu kuinama kwa majani, angalia kwa makini, kwa sababu kuna kuinama kwa namna mbili. Jani lililonyauka kwa kukosa maji huwa laini, linalegea, na asubuhi na mapema huwa limeinuka tena. Lakini kuna jani linaloinama likiwa bado gumu na limejaa maji, kikonyo chake kimepinda kuelekea chini, na halinyanyuki hata alfajiri. Huko si kunyauka, ni ukuaji: upande wa juu wa kikonyo umekua zaidi kuliko upande wa chini. Mzizi uliokosa oksijeni hutengeneza kemikali iitwayo ACC, lakini hauwezi kuikamilisha kuwa homoni ya ethilini, kwa sababu hatua hiyo ya mwisho nayo inahitaji oksijeni. ACC hupanda na maji kidogo yanayopanda, hufika kwenye majani penye hewa tele, na huko hugeuzwa ethilini, ambayo ndiyo inayopinda vikonyo na, ikizidi, kupukutisha majani. Mambo haya yalichunguzwa sana kwenye mnyanya, ambao huinamisha majani waziwazi siku chache tu baada ya kufurika. Katika miti hutofautiana kwa aina. Mimi huichukulia dalili hii kuwa barua iliyotoka chini ya ardhi, na ukiisoma mapema unaweza kuokoa mche kabla mizizi haijaoza.

Njano ya majani ina historia yake. Oksijeni ya udongo ikiisha, bakteria hawafi wote. Wengi hubadili kitu cha kupumulia. Huanza na naitreti, ambayo ni namna mojawapo ya naitrojeni inayotumiwa na miti, wakaigeuza kuwa gesi inayopotea hewani. Kisha hugeukia manganizi, kisha chuma, na mwisho salfeti, ambayo huigeuza kuwa hidrojeni salfaidi yenye harufu ya yai viza. Kwa hiyo naitrojeni ya shimoni inatoroka kama gesi, na mzizi wenyewe hauna nguvu ya kuivuta ile iliyobaki, kwa maana kuingiza virutubisho ni kazi inayolipiwa kwa ATP. Wewe uliona njano, ukasema mti una njaa, ukaweka urea. Uliiona njaa kwa usahihi. Tatizo ni kwamba mdomo umefungwa. Urea uliyoweka imebaki ikiongeza chumvichumvi na amonia jirani na mizizi iliyokwisha kujeruhika, na bakteria wakapata chakula zaidi.

Huenda ukajiuliza mbona mpunga wa Mbarali husimama ndani ya maji majuma kwa majuma bila kulalamika. Mpunga una mifereji ya hewa inayotoka kwenye majani hadi ncha za mizizi, na ngozi ya nje ya mizizi yake huzuia oksijeni isivuje njiani. Mchu wa pwani, mmojawapo wa mikoko, hutoa mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli zilizosimikwa, na hewa huingia kupitia humo maji ya bahari yanapopwa. Mwembe nao una ujanja wake: ukizidiwa na maji, vitundu vya kupumulia vilivyo kwenye gome la shina huvimba, vikawa kama chunusi nyeupe juu kidogo ya usawa wa maji, na katika majaribio ya kufurisha miche, miembe iliyofanikiwa kutoa uvimbe huo ndiyo iliyopona. Kinachoanzisha mabadiliko ya aina hii mara nyingi ni ethilini hiyo hiyo, ambayo haiwezi kutoka nje ya mzizi uliozungukwa na maji, hivyo hujikusanya na kuwa ishara kwamba mafuriko yamefika. Lakini hata mti uliozoea maji una kikomo chake. Ziwa Nakuru lilipopanda katika miaka ya 2010, migunga ya njano, miti inayopenda kusimama kandokando ya maji, ilikauka kwa wingi baada ya maji kuifunika mizizi na kukataa kuondoka.

Parachichi halina karibu lolote kati ya hayo. Asili yake ni milima ya Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye udongo mwepesi unaochuja, na mizizi yake midogo ya kunyonyea imekaa juujuu, haina vinyweleo vingi, na inahitaji hewa nyingi. Mche ni dhaifu kuliko mti mzima kwa sababu zilizo wazi. Mti mzima una akiba ya wanga kwenye shina na mizizi mikubwa ya kuchachusha kwa siku kadhaa, na baadhi ya mizizi yake imetambaa hadi palipo pakavu; mche uliotoka kwenye kiriba miezi miwili iliyopita una mizizi yote ndani ya lile bakuli, na akiba yake ni ndogo.

Kisha kuna adui wa pili, ambaye kwa parachichi mara nyingi ndiye anayeua. Jina lake ni Phytophthora cinnamomi, kiumbe ambacho wakulima hukiita ukungu ingawa kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia kuliko uyoga. Hutoa mbegu ndogo zenye mikia miwili, ambazo huogelea kwenye maji yaliyojaa udongoni zikitafuta mizizi, na huvutwa na vitu vinavyovuja kwenye mzizi ulioumia, ikiwemo ile pombe niliyoitaja. Mafuriko hayo hayo yanampa adui njia ya kupita, yanamdhoofisha mwenye nyumba, na yanatoa harufu ya kumwonyesha mlango ulipo. Ndiyo maana maji yakituama siku mbili kwenye udongo usio na kimelea hiki, mti waweza kupona, na siku hizo hizo mbili kwenye udongo ulioambukizwa zikaumaliza.

Kwa hiyo, ning'oe au nisubiri? Chukua kijiko cha kupandia au hata panga, nenda kwenye mche mmoja ulio katika hali ya kati, fukua taratibu upande mmoja kiasi cha sentimita 20 kutoka kwenye shina, na utoe mizizi michache midogo. Ioshe kwenye kikombe cha maji. Mzizi mzima una rangi ya krimu, ncha nyeupe, na ukiukunja unapinda kabla ya kukatika. Mzizi uliokosa hewa bila kuoza huwa wa kahawia iliyofifia, lakini bado una nyama. Mzizi ulioliwa huwa mweusi, unavunjika kwa urahisi, na ukiuvuta kwa vidole ganda linachomoka kama mkono wa shati na kukuachia uzi wa katikati. Nusa udongo pia, na uangalie rangi yake: kijivu chenye ubuluu na madoa ya kutu ni ishara kwamba maji hukaa hapo kila mwaka, na hilo huwezi kulirekebisha kwa mche mmoja mmoja.

Ukikuta hata robo ya mizizi midogo ina uhai, na gome la shina ukilikwaruza kwa kucha ni kijani chini yake, usiung'oe. Mtaro ukishatoa maji, fukua samadi iliyozidi iliyo juu, na usisogeze jembe karibu na mizizi. Kisha elewa jambo ambalo wengi hulikosea: mche uliotoka kwenye maji hufa mara nyingi ndani ya wiki zinazofuata, wakati mkulima ameshapumua. Sababu ya kwanza ni kwamba hewa ikirudi ghafla, seli zilizokaa bila oksijeni huzalisha aina kali za oksijeni, kama peroksidi ya hidrojeni, na pombe iliyojikusanya hugeuzwa tena kuwa asetaldehidi yenye sumu, hivyo mzizi hupata jeraha la pili. Sababu ya pili ni nyepesi kuielewa: mti umebaki na mizizi michache na majani yale yale, udongo unakauka, na sasa kiu ni ya kweli. Utie kivuli kwa nyasi au matawi upande wa jua la mchana, upunguze machipukizi laini kidogo bila kuunyoa, na mvua ikikatika umwagilie kidogo kidogo, lita chache kwa wakati, ukichunguza kwanza kwa kidole kama udongo wa chini umeanza kukauka. Mbolea isubiri mpaka uone majani mapya yanafunguka. Ukikuta ile mizizi inayochomoka ganda, zungumza na afisa ugani wa kata yako kuhusu dawa za jamii ya fosfonati, ambazo hushuka kutoka kwenye majani hadi kwenye mizizi. Kipimo kiwe kile kilichoandikwa kwenye chupa, kwa sababu mche mdogo huungua upesi. Na usibebe udongo wa huku chini kwenye jembe au viatu kwenda kwenye ile 80 iliyo salama. Anza kazi juu, maliza chini, osha zana.

Ile ambayo gome lake limegeuka kahawia hadi mahali ilipobebeshwa, ing'oe, ichome moto, na usirudishe parachichi kwenye shimo lile lile. Kwa mwaka ujao fanya jaribio dogo kabla ya kuchimba tena: chimba shimo moja la sentimita 60, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze mara ya pili na uangalie kesho yake wakati huo huo. Maji yakiwa bado yamo, hapo si mahali pa parachichi la shimoni. Waweza kulipanda juu ya tuta la sentimita 60 hadi 100 lenye upana wa mita mbili hivi, na mche ukae kileleni, si kwenye kishimo cha katikati. Kwenye kingo za mteremko hilo hufanya kazi. Mistari miwili au mitatu ya mwisho, ile inayopakana kabisa na vinyungu, mimi nisingeipigania hata kwa tuta. Mpera huvumilia maji kuliko parachichi, na mpeasi nao ni mvumilivu kuliko mpichi au parachichi, kama unahitaji mti wa matunda hapo. La sivyo pabaki bustani ya mboga ya kiangazi, kama jirani zako wanavyofanya, nawe ukiwa na miche 80 mizima upande wa juu una shamba la kutosha kuanzia.